Gari la Kumfikia Mama Mkwe

Nimeendesha matrela ya watu miaka thelathini na moja, kutoka bandarini hadi mpakani Malaba, na sikuwahi kumiliki hata tairi. Kwa hivyo nilipostaafu na kiinua mgongo kikaingia, nilisema nanunua gari jipya, si lile lililokwisha kuchoshwa na Mjapani, na asitokee mtu wa kunipangia. Wakanipangia. Judy, kifungua mimba wangu, alisema mzee wa miaka sitini hujenga vyumba vya kupangisha, hanunui gari. Nikamwambia vyumba ajenge yeye.

Ni mke wangu Nyevu tu aliyesema neno nikalisikiliza. Mamake anaishi Mwakirunge, kule ndani ya Kisauni ambako watu wa Nyali hawajui kama nako ni Mombasa. Masika yakianza, barabara ile huwa uji. Teksi hazifiki, bodaboda zinaangusha watu. Nyevu akasema kama ni lazima ninunue, basi ninunue gari litakalomfikia Mama. Nikanunua lile refu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, rangi ya kijani. Nikaliegesha mbele ya nyumba yetu Kiembeni, na ukweli niuseme, niliringa. Nailoni za vitini sikuzitoa. Jirani akiliegemea, namfokea.

Sasa, sisi ni Wagiriama, na kwetu mume na mama wa mkewe hawakaribiani. Si uadui, ni heshima. Miaka thelathini na nne ya ndoa, sikuwahi kumpa mkono mama mkwe. Tukikutana njiani, mmoja wetu huchepuka. Nikienda kwake nawekewa kiti uani, naye hunijulia hali akiwa ndani, nami namjibu nikitazama chini. Kuketi naye ndani ya gari moja, milango imefungwa, ni jambo ambalo hata kulitaja naona haya.

Nyevu alilifikiria hilo kabla yangu. Aliniambia nimfundishe Karisa lile gari, ili siku Mama akiugua aendeshe yeye. Karisa ni nduguye, huendesha lori la mchanga, leseni anayo. Nikakataa. Nilisema Karisa ana mguu mzito, ataliharibu. Akaniomba tena Krismasi, nikakataa. Akaniomba Pasaka, nikamkemea mbele ya wageni, nikamwambia gari ni langu na ufunguo ni wangu. Hakuniomba tena.

Mwezi wa tano, baada ya siku nne za mvua, Karisa alipiga simu asubuhi. Mama alikuwa amezidiwa, kifua kimembana, pumzi zinamkatika. Gari la wagonjwa haliwezi kupanda mlima ule, wameambiwa wamtoe hadi kwenye lami. Majirani walikuwa tayari kumbeba kwa kitanda. Nikaichukua simu mkononi mwa Nyevu, nikasema wasimbebe, nakuja na gari.

Na Mungu anisamehe, njiani nilifurahi. Mama wa watu anahangaika, mimi naona raha vile gari linavyolila tope. Nyevu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili akiomba kimoyomoyo, nami namwambia, umeona, umeona linavyopanda?

Tulipofika, mama mkwe alikuwa ameketishwa mkekani, ameegemezwa ukuta, maana akilala pumzi haziji kabisa. Mimi nilisimama uani, kwenye mvua. Karisa akatoka, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo, shemeji."

Wewe ungempa. Hata mimi, nikikaa leo nikifikiri, naona ningempa. Lakini mkono haukwenda mfukoni. Nilimwambia hajawahi kuligusa gari hili, mlima unateleza, atawaua. Nikasema nitaendesha mwenyewe, yeye Mama akae nyuma, kwani haya mambo ya kukwepana ni ya zamani na ugonjwa hauyajui. Nikajitia usasa, mimi ambaye hata jina la mama mkwe silitamki. Kumbe ni uchoyo mtupu.

Wakaingia kumwambia. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akijibu kwa sauti ndogo, akipumzika kila baada ya maneno mawili.

"Mwambieni mkwe wangu arudi salama. Mimi sitaki kuvuliwa heshima uzeeni."

Nyevu alimbembeleza, Karisa alimbembeleza, hakukubali. Kisha wakatoka kunibembeleza mimi. Hayo yalichukua saa nzima. Saa nzima mama wa watu anatafuta pumzi, nami nimesimama na ufunguo mfukoni nabishana kama mtu anayegombania kiwanja. Mwishowe Nyevu aliacha kusema. Alinijia, akatia mkono mfukoni mwangu, akautoa ufunguo, akampa nduguye.

Walimbeba wakamweka kiti cha nyuma, Nyevu akampakata. Mimi nikafuata kwa miguu, hatua ishirini nyuma, tope likinifika vifundoni. Karisa alishuka mlima vizuri, kwa adabu kuliko mimi. Kule chini, penye kijito, magurudumu ya nyuma yakazama. Nikasikia injini ikinguruma, nikaona mawili yanazunguka na mawili yamekufa, nikajua. Kuna kijiti kidogo kando ya gia, ukikivuta ndipo yote manne yanashika. Mimi nilikuwa nimekirudisha nilipoegesha, na Karisa hakukijua. Nilipiga kelele kutoka nilipokuwa, lakini kwa mvua na mngurumo ule hakusikia, akazidi kukanyaga mafuta na gari likazidi kuzama. Ni jambo la dakika mbili kumwonyesha mtu. Dakika mbili tu za siku ile ya Krismasi.

Nilisimama palepale. Kulikaribia gari siwezi, yumo ndani. Kuliacha siwezi, yumo ndani. Nyevu akashusha kioo, akanitazama. Hakuniita, hakunipungia mkono, alinitazama tu.

Nikaenda. Nikamwambia Karisa asogee, nikaingia, nikakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikatazama juu. Nyuma nikasikia nguo ikivutwa. Mama mkwe alikuwa amejifunika leso uso mzima. Nyevu alimwambia, Mama utakosa hewa, jifunue kidogo. Hakujifunua. Alitumia nguvu zake zilizobaki kuushika upindo wa ile leso usiteleze.

Nikavuta kijiti na gari likatoka. Kwa wepesi ule lilivyotoka, nilitamani lingebaki mle kijitoni milele.

Tukapita Utange hakuna anayesema. Mpaka tunaingia kwenye lami nilikuwa nazisikia pumzi zake, kisha kelele za barabara zikazidi. Nilitaka kuuliza na sikuuliza, kwa sababu mkwe haulizi. Nyevu hakuifunua leso kwa sababu mamake alikuwa amekataa isifunuliwe. Karisa alikuwa anatazama mbele. Basi tulikwenda hivyo, watu wazima watatu, kila mmoja amemwekea yule mzee heshima.

Hospitalini muuguzi alifungua mlango, akaitoa leso bila ya kuuliza mtu, akamgusa shingoni. Akatuuliza amekuwa hivyo tangu saa ngapi. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Tulizika Jumamosi. Hakuna aliyenitupia neno, na afadhali wangenitupia. Nilimpelekea Karisa ufunguo, nikamwambia gari ni lake sasa. Alinishukuru kwa upole, akasema hana haja nalo. Nimelibakiza mbele ya nyumba, na siku mbili hizi watoto wa jirani wanachora kwa vidole kwenye vumbi la bodi yake. Siwafokei.

Nyevu hajanipigia kelele. Ananipikia, ananitengea maji ya kuoga. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimwomba msamaha. Alikuwa anachagua mchele, akaendelea kuchagua mpaka akamaliza ungo mzima, ndipo aliponiambia.

"Mamangu alikufa mapajani mwangu, Baba Judy, amejifunika uso kwa ajili yako. Hata mimi sikumwona."

Kisha akainuka akaenda kuubandika ule mchele.