Jumamosi ya Kukosoana

Mtaa mzima ulijua kwamba makosa ya Jumamosi hupikwa Ijumaa. Wanawake walipokutana kwenye pampu ya maji walipangana kwa sauti ya chini: wewe nikosoe kwa kuchelewa kufagia njia, mimi nitakukosoa kwa kupayuka kwenye foleni. Kesho yake, kwenye kikao cha kukosoana kilichoamriwa na serikali kila wiki, mtu alisimama akajikosoa, akamkosoa mwenzake, mwenzake akainamisha kichwa na kukubali, basi, wakarudi makwao kukanda unga wa mahindi. Serikali imepata makosa yake na watu wamebaki na ujirani wao.

Fundi wa mapishi hayo alikuwa Sun-hwa, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, ambaye mtaani aliitwa Mama Un-byol kwa jina la bintiye. Hakuna aliyemshinda kupima kosa. Likiwa dogo mno utaitwa mnafiki, likiwa kubwa mno utaitwa adui. Wenzake walimfuata kuomba makosa kama wengine wanavyoomba chumvi, naye aliwagawia bila choyo.

Ijumaa hiyo Ndugu Pyo, ofisa wa wilayani, alimfuata mwenyewe kwenye meza yake ya tofu.

"Mama Un-byol, kesho utamkosoa Mama Ryong-jin."

"Hilo tu, Ndugu Pyo? Nimeshamkosoa mpaka nimebakiza meno yake."

"Utamkosoa kuhusu mwanawe. Utamuuliza mbele ya watu yuko wapi."

Sun-hwa akaendelea kukata tofu. "Si yuko kwenye ujenzi wa bwawa? Aliondoka na vijana wa kujitolea."

"Hivyo ndivyo mamaye anavyosema. Mimi nimesikia vingine. Na wewe usipouliza, nitajiuliza kwa nini shoga yake wa chanda na pete haulizi."

Akajichukulia kipande cha tofu, akaenda zake bila kusema asante.

Ukweli ni kwamba Ryong-jin alikuwa amevuka mto wa mpakani na kuikimbia nchi. Alivuka usiku wa kuamkia siku ile vijana wa kujitolea walipopandishwa treni kwa ngoma na bendera, na mama yake akaukamata uongo kwamba ameondoka nao kama mtu anayezama anavyokamata jani. Ukweli ukijulikana, yeye na binti yake mdogo watapakiwa kwenye lori la kwenda kambi za milimani. Waliopakiwa kwenye lori hilo hakuna aliyewahi kuwaulizia tena, maana kuuliza nako ni kosa.

Jioni Sun-hwa alimkuta Mama Ryong-jin akipaka pilipili kwenye kabichi za akiba ya majira ya baridi. Alimweleza yote. Mwenzake hakuinua macho.

"Wewe uliza tu, dada. Usije ukaangamia na mimi. Una mtoto."

"Nyamaza, mwana wewe! Nani kakwambia naangamia?" Sun-hwa alikasirika kwelikweli, na hasira ilipompanda ndipo akili yake ilipofanya kazi. "Kesho nikikusema, wewe kubali."

"Nikubali nini?"

"Kila kitu. Katika nchi hii mtu akijisifu atachunguzwa mpaka kucha. Akijipaka matope, umeshaona nani anambishia?"

Wengine hakuwaambia. Watu wa Pyo walikuwa wamesimama kwenye pampu tangu mchana, na siri ikishakuwa ya wengi si siri tena. Aliwategemea tu, kwa sababu aliwafahamu. Usiku alilala fofofo.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa mjumbe wa mtaa, Bi Noh. Wanawake walikaa sakafuni, miguu ikiota joto la moto uliopitishwa chini ya sakafu. Ndugu Pyo alikaa mbele yao. Aliyekuwa pembeni kabisa ni Mama Hak-su, ambaye kila mtu alijua kwamba wali wake mweupe ulitoka wilayani, na kwamba aliulipia kwa habari za majirani. Nyumba yake ilitazama mto. Kama kuna macho yaliyomwona kijana akishuka majini, ni yake.

Sun-hwa alisimama wa kwanza.

"Namkosoa Mama Ryong-jin," akasema kwa sauti ya kuuzia tofu. "Mwanawe alikwenda kulijengea taifa bwawa, naye akanyamaza kimya, asitupe nafasi ya kumuaga kwa heshima. Huo ni uchoyo! Mtoto ni wetu sote. Nami najikosoa. Nilimwona stesheni, amejibana katikati ya wenzake, na Ndugu Pyo akiwahutubia pale mbele. Mfukoni nilikuwa na keki ya mchele. Sikumpa. Nikaila mwenyewe."

Hotuba ile Pyo alikuwa ameitoa kweli, na kuwasindikiza vijana mmoja mmoja ilikuwa kazi yake. Aseme hakumwona? Basi alikuwa anaangalia nini?

"Walikuwa wengi," akasema mwishowe.

"Wengi mno, Ndugu," Sun-hwa akamjibu kwa adabu, akakaa. Lake alikuwa ameshalisema, na hakuwa na jingine.

Mama Kum-dan, jirani wa ukuta mmoja, akainuka taratibu. "Na mimi najikosoa. Alipita mlangoni kwangu na begi mgongoni, nikamuaga huku natafuna. Hata kusimama sikusimama."

Kisha Bi Noh mwenyewe, mzee wa watu, magoti yakilia. "Mimi mjumbe nilipaswa kumpa soksi. Soksi nilikuwa nazo, nzuri za sufu. Nikamnyima kijana yule, na bwawani kule kuna baridi!"

Baada ya hapo ilikuwa kama maharage yanayoanza kuchemka. Huyu alimnyima sigara za mumewe, yule hakumpungia mkono. Mmoja alidai alimtukana kwa kumkanyaga mguu kwenye umati wa stesheni, na sasa anajuta. Kila aliyesimama alijichafua zaidi ya aliyetangulia, na kijana ambaye hakufika stesheni akazidi kuonekana pale.

Pyo aligeuza shingo kuelekea pembeni. "Mama Hak-su. Wewe tuambie. Uliona nini?"

Mama Hak-su alisimama. Aliwatazama wenzake, nao walimtazama, wote, bila chuki na bila kumbembeleza. Wilaya ilimfundisha miaka mingi kuogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni kuwa mtu pekee asiyeona wanachoona wenzake.

"Nilimwona stesheni. Nilimpa yai."

"Yai?"

"La kuchemsha, Ndugu. Lakini lilikuwa dogo, na makubwa nilikuwa nayo."

Mtu alikohoa ili asicheke. Sun-hwa aliinamia magoti yake na kuachia pumzi, furaha ikimjaa mpaka kooni. Wamemweza Pyo! Amefungwa kwa kamba yake mwenyewe!

"Anayekosolewa ajibu," Pyo akasema kwa uchovu, maana ndiyo kanuni.

Mama Ryong-jin alisimama, kichwa chini. Ilibaki neno moja tu, nakubali, kisha wangekwenda nyumbani.

"Nakubali," akasema. "Mwanangu ameondoka, na sikumuaga. Nilikuwa nimelala. Alinifunika blanketi, nikaona asubuhi nimefunikwa. Sikumpa chochote. Sikumshika hata mkono."

Tangu siku ile hakuwa amemwaga chozi mbele ya mtu, kwani mama wa kijana wa kujitolea ana nini cha kulilia? Sasa alilia kwa mdomo wazi, kama anavyolia mfiwa.

"Haya, haya," Pyo akasema. "Kosa limekubaliwa. Si kosa la kulia hivyo."

Hakuna aliyemsikiliza. Bi Noh alikuwa analia, Mama Hak-su pia, pembeni kwake. Sun-hwa, mwenye jibu la kila kitu, alisimama akamkumbatia rafiki yake, na wanawake wakamlilia kijana wao waziwazi, huku serikali imekaa mbele yao ikisubiri wamalize.