Penseli Isiyochongwa

Ndugu wasomaji, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi ni msanii. Tangazo hili nililitoa kwa mara ya kwanza bwenini, nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono mmoja kifuani. Ndoo ikapasuka. Ilikuwa ya Kobe, rafiki yangu wa kitanda cha juu, na hadi leo anaogea beseni.

Chanzo cha yote ni mjomba wangu, mchora mabango ya maduka. Kila likizo huenda karakanani kwake, na kila likizo kazi yangu huwa kuosha brashi. Mara ya mwisho alinipa daftari lisilo na mistari na penseli moja.

"Siku thelathini, mjomba," alisema, maana naye huniita mjomba kama ninavyomwita. "Kila siku saa kumi na moja jioni, ukurasa mmoja. Chora kilicho mbele yako, hata kama ni kiatu. Ukimaliza, likizo ijayo kichwa cha kwenye bango la kinyozi utakichora wewe."

Siku ya kwanza nilichora kiatu. Ya pili, kufuli. Ya tatu, kiatu kilekile, kwa kuwa kilikuwa hakijaondoka. Siku ya nne nilijilaza kidogo kabla ya kuanza, usingizi ukanipitia, na Kobe akachukua daftari akanichora nimelala kifudifudi, kisogo na sikio moja tu. Nikaandika tarehe chini yake, nikauhesabu ukurasa. Baada ya hapo nikabanwa na majukumu mazito, kama vile kutia chumvi kwenye kopo la sukari la kiranja mkuu.

"Msanii, leo je?" Kobe aliniuliza kila jioni.

"Nimeshachora kichwani."

"Angalia kisijae."

"Hakijai."

"Najua. Nafasi ipo tele."

Jumapili ya mwisho kabla ya kufunga shule, nilikaa juu ya sanduku langu baada ya chakula cha mchana, nikachora kurasa ishirini na sita mfululizo: beseni, taulo, mswaki, beseni kwa upande wa pili. Kisha nikakunja pembe za kurasa, nikadondosha chai hapa na pale, nikaongeza na maelezo: "Jumanne. Mvua imenyesha kutwa. Moyo wa msanii ni mzito." Kobe alichungulia kutoka juu, akatazama, asiseme kitu. Hilo halikuwa kawaida yake, na lilinikera.

Nilipofika karakana, bango la kinyozi lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mkasi, kitana na jina la duka kwa herufi nyekundu, vyote tayari. Katikati palikuwa na duara jeupe, tupu.

"Nimeshamwambia kinyozi kichwa anachora mpwa wangu," alisema mjomba akifuta mikono. Akakaa juu ya kopo la rangi, akafungua daftari.

Alifunua hadi mwisho, kisha akarudi nyuma polepole.

"Penseli ulichonga lini?"

"Mara kwa mara, mjomba."

"Kuanzia ukurasa wa tano mstari unanenepa tu. Huu wa mwisho kama umechora kwa kidole gumba."

Nikakohoa kidogo, kikohozi cha msomi.

"Na hapa, Jumanne, mvua kutwa. Beseni limepata wapi kivuli?"

"Ilikatika kidogo, mjomba."

"Saa kumi na moja kivuli huwa kirefu. Hiki ni cha saa nane. Karibu vyote humu ni vya saa nane."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata angalau cha kununia. Badala yake alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha daftari jingine, ndugu wa langu.

"Nilikuwa nachora na wewe," alisema. "Ikifika saa kumi na moja naweka brashi chini, najiambia mwenzangu naye huko ameshakaa."

Kurasa thelathini. Makopo, ngazi, kiganja chake mwenyewe. Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari mitatu tu iliyopinda, na chini yake neno moja: homa.

Masikio yaliniwaka. Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu mbele ya mwalimu yeyote, nilikosa hata pa kuweka mikono.

"Za kweli ni ngapi?"

"Nne."

Akarudi mwanzo. Kiatu, kufuli, kiatu. Kwenye ukurasa wa nne uso wake ukalegea.

"Hapa ulikaa kweli. Ona sikio lilivyobanwa na mto. Huyu ni yule rafiki yako Kobe, siyo?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Basi ile Jumanne yako tutaizungumza siku nyingine. Mkono unao, kilichokosekana ni makalio ya kukaa chini." Akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi, akanipa.

Niliipokea. Duara jeupe lilikuwa mbele yangu, na hakuna mtu duniani aliyejua ukweli isipokuwa Kobe, ambaye hajawahi kunisema kwa mtu, hata kuhusu ndoo. Tone la rangi likadondoka kwenye kiatu changu, kilekile cha kurasa mbili.

Nikamrudishia brashi.

"Ni tatu, mjomba," nilisema. "Huyo aliyelala ni mimi."