Kikombe Mbele ya Abu Laith

Inshirah alimchukia Numan, anayeitwa Abu Laith, kwa sababu ya mapango, miaka mingi kabla hajapata sababu kubwa zaidi.

Mapango yenyewe hayakuwepo. Mwaka ule jeshi la wavamizi lilipoufunga mji wa Nablus na vijiji vyake, na watu wakakatazwa hata kutoa pua nje, Numan alikuwa akitafutwa. Akaja kujificha Beit Qarra, nyumbani kwa Inshirah, katika chumba cha nyuma kilichowekwa mitungi ya mafuta ya zeituni. Angegunduliwa humo, nyumba ingelipuliwa na wenyewe wangebaki na funguo mkononi. Alikula maqluba ya Inshirah, wali wa nyama na biringani, akalalia godoro la arusi la Inshirah, na bado akalalamika kwamba wali una chumvi nyingi. Alipoanza kuonekana kwenye televisheni akawa anasimulia jinsi alivyolala mapangoni kati ya nyoka, akila majani. Kila mwaka pango lilizidi kurefuka. Mume wa Inshirah, enzi za uhai wake, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Inshirah hakuona cha kuchekesha.

Kupanda kwake kote kulikuwa hivyo hivyo. Kifungo cha miezi michache, alichopewa kwa kupaka maneno ukutani, kiligeuka kifungo cha miaka. Alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho si kidogo: kuwahi misibani. Kijana akiuawa asubuhi, adhuhuri Numan amekwishafika, amembusu mama wa marehemu kichwani, amesimama pale pale kamera itakapoelekezwa. Kwa misiba akawa katibu wa Chama wilayani, kwa misiba akapewa ofisi ya usalama, na kwa misiba akapata magari meusi yanayomtangulia na kumfuata. Viongozi waliopanda kwa jasho lao wapo, na wengi wao wako makaburini. Huyu alipanda kwa kuwazika. Mwaka huu jina lake lilikuwa likitajwa kuingia kamati kuu ya Chama.

Inshirah hakukosa hotuba yake hata moja. Alizitazama kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Alijua kwamba Numan akifika kwenye neno zito, shahidi, mama, damu, hushusha sauti, hunyamaza, hunyoosha mkono wa kulia bila kutazama, huchukua bilauri ya maji, hunywa fundo moja, kisha huinua macho yamelowa. Hapo watu hupiga makofi. Hakuwahi kumwona akikosea.

Na kulikuwa na jambo la maziwa. Wakati ule wa kujificha, mke wa Numan aliletwa naye kwa kificho, ana kichanga, na hofu imemkausha maziwa. Kichanga hicho ndicho Laith. Inshirah alikuwa na Rima wake, mchanga vilevile. Akawanyonyesha wote wawili, huyu huku na huyu kule, mpaka amri ya kutotoka ilipoondolewa. Kwa dini wakawa ndugu. Laith alikua akiingia kwa Inshirah bila kubisha hodi, akifunua masufuria, akimwita mama. Magari meusi yalipokuja akapunguza kuja. Kisha akawa anapita na bunduki begani, anainua mkono kutoka garini, haingii.

Siku ya matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule, binamu mmoja wa Laith alifaulu. Vijana wakazunguka kijiji nyuma ya gari, wakifyatua risasi hewani kama ilivyo desturi yao ya kipuuzi. Rima alikuwa juu ya paa anaanika majani ya mlenda. Mama yake alikuwa chini anamwuliza kama yaliyobaki yaletwe, akangoja jibu, akauliza tena.

Watu wa Numan walianza kwa kusema risasi haijulikani ilikotoka. Waliomwona Laith na bunduki walikuwa nusu ya kijiji, kwa hiyo maneno hayo yakafa, naye akawekwa mahabusu mjini. Hakufungua mdomo. Aliyesema kwa niaba yake ni baba yake, na sasa baba yake alitaka suluhu: ukoo wa Rima usamehe haki yao mbele ya wazee, faili lifungwe kabla hakimu hajakaa wiki inayofuata, kijana alale kwao.

Inshirah alitaka kitu kimoja. Alitaka Laith asimame mbele ya hakimu aseme kwa mdomo wake ni nani aliyempiga Rima. Lakini mume hakuwepo, na neno la ukoo lilikuwa la shemeji yake, Abu Mansur.

"Mwanao hatarudi, Umm Rima," shemeji alimwambia asubuhi ya siku ambayo ujumbe wa Numan ulikuwa unakuja kuomba suluhu, akijitazama kwenye kioo cha ukumbini na kuweka sawa kilemba.

"Najua. Na mwanao Mansur ameahidiwa kazi wizara gani?"

"Chunga ulimi wako. Leo wanakuja wazee wa wilaya nzima. Usiniaibishe."

"Nikuaibishe na nini, shemeji? Mimi si niko jikoni? Nitawapikia kahawa yao."

"Basi ipike vizuri."

"Itakuwa nzuri."

Kahawa ya ujumbe wa damu ina sheria yake, na hakuna asiyeijua. Kikombe kinawekwa mbele ya yule anayewasemea waliokuja kuomba, na hakiguswi. Mwenye nyumba akiridhika atasema, kunywa kahawa yako, haja yako tumeipa. Asiporidhika, kahawa inapoa hapo hapo mpaka wageni waondoke. Wapo waliokaa nayo tangu alasiri hadi alfajiri.

Walikuja zaidi ya wanaume mia, wakaketi chini ya hema uani, jua la Julai likiwa limekaa juu yake. Walinzi wa Numan waliachwa barabarani, maana wazee walikataa silaha. Msaidizi wake, yule mwenye mkoba wa chupa za maji, akaachwa nao.

"Mke wa ami, maji yako wapi?" Mansur aliingia jikoni mbio, shati limemganda mgongoni. "Baba alinunua katoni nzima."

"Katoni iko stoo, na itakaa stoo," Inshirah alisema bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Tangu lini ujumbe wa damu ukanyweshwa maji kabla ya jibu? Unataka waseme hatuna adabu?"

Umm Mansur, mama yake kijana, alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. "Kwa joto hili? Watatufia humo hemani!"

"Wakifa tutawapelekea ujumbe."

Umm Mansur akamtazama. "Peleka kahawa, Mansur," akasema. "Ya maji niachie mimi."

Dirisha la jikoni lilitazama uani. Inshirah akasimama nyuma ya pazia. Hakuwa na uhakika wa chochote. Msemaji wa ujumbe alikuwa Haji Dhiyab, mzee aliyesuluhisha damu nyingi kuliko mahakama, na kikombe kiliwekwa mbele yake. Mtu kama huyo angekaa na kikombe mpaka mvua za Oktoba.

Ndipo Numan akamgusa mzee begani. "Niachie, Haji. Msiba huu ni wangu, nitauombea mwenyewe."

"Si desturi, Abu Laith. Baba wa mkosaji hunyamaza."

"Watu wanataka kunisikia mimi."

Haji Dhiyab akakunja uso, akasogea. Na Mansur, mwenye hamu ya kuonekana anajua kuhudumia wakubwa, akakinyanyua kikombe kwa adabu na kukiweka mbele ya Numan, upande wa kulia.

Numan akasimama. Alianza na nchi, akaja kwa mashahidi, akapita magerezani, akapanda milimani. Alisema nusu saa nzima hajamtaja Rima kwa jina. Alikuwa "binti yetu," alikuwa "ua la kijiji," alikuwa "majeraha." Jasho lilimtiririka kwenye kola. Mara mbili mkono wake ulitoka ukarudi. Inshirah aliuma pazia.

"Ndugu zangu," akasema, "mnadhani Laith ni mgeni katika nyumba hii? Katika siku za moto, nyumba hii ilinificha. Mama wa nyumba hii alimpa mwanangu ziwa lake."

Kumbe anakumbuka. Miaka yote ya mapango na nyoka, na leo anakumbuka, kwa sababu leo ina faida. Inshirah alitamani kutoka na sufuria la moto mkononi.

"Laith na binti yetu walinyonya pamoja." Sauti ikashuka. "Nani atamdai nani, na maziwa ni yale yale?"

Akanyamaza. Mkono wa kulia ukanyooka bila macho kuufuata, ukakuta kikombe, ukakiinua. Akanywa fundo moja, akarudisha kikombe, akainua macho yamelowa, akangoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Numan alibaki na ile sura yake ya majonzi, mpaka uchungu wa kahawa isiyo na sukari ulipofika mahali pake na sura yenyewe ikaanza kubomoka.

"Umekunywa, Abu Laith," alisema Haji Dhiyab.

"Koo... koo limenikauka tu, Haji. Nimeteleza."

Abu Mansur akaruka wima. "Hapana neno, wazee! Hapana neno kabisa! Sisi ni jamaa, na mimi nilikuwa tayari—"

"Keti, Abu Mansur." Mzee hakupaza sauti. "Mwenye haja anakunywa akishajibiwa. Aliyekunywa kabla hana haja, amekuja kututembelea tu. Wewe utajibu ombi gani?"

"Lakini amesema mwenyewe—"

"Amesema, kisha amekunywa. Ndevu zangu zimeota kwenye kazi hii. Siwezi kwenda nyumba nyingine nikaombe damu, watu wakaniuliza ya Beit Qarra."

Sauti ikatoka nyuma ya hema, kutoka kwa jamaa mmoja wa ukoo wa Rima: "Hiliki imekolea, mheshimiwa?"

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko, na kikohozi kikaenea. Wanaume wazima waliuma midomo na kutazama viatu vyao. Numan alikuwa amesimama kwenye majukwaa mengi, akapigiwa kelele, hata akarushiwa mawe, na yote aliyageuza kuwa sifa. Hili hakuwa na namna ya kuligeuza. Haji Dhiyab akainuka, na ujumbe wote ukainuka nyuma yake, ukatoka.

Numan hakutoka nao. Alizunguka nyumba akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni. Umm Mansur akajifunika vizuri, lakini hakuondoka.

"Ni wewe," Numan akamwambia Inshirah. "Maji."

"Ungeomba tungekupa."

"Utanijua mimi ni nani."

"Nakujua tangu ukilalamikia chumvi yangu."

Akabadilika. Alikuwa hodari wa kubadilika. Sauti ile ile ya jukwaani ikaja, laini. "Inshirah, dada yangu. Umemnyonyesha. Laith ni mwanao kama alivyo wangu. Utamwacha aoze ndani?"

"Ni mwanangu, ndiyo. Mbona wamekuja wanaume wote hawa, na kutoka kwake sijaletewa hata salamu?"

"Yuko mahabusu, atakujaje?"

"Kabla ya mahabusu alilala kwako siku mbili. Kutoka kwako mpaka kwangu mtu hamalizi hata sigara moja. Mwanangu huyo alikuwa haioni njia?"

Numan alitazama sakafu. "Alitaka kuja," akasema. "Nilimkataza. Nilimwambia akifungua mdomo tumekwisha."

Inshirah alishika ukingo wa meza. Kwa wiki zote hizo alikuwa amemlaani mtoto kwa ukimya ambao haukuwa wake. "Toka," akasema. "Toka jikoni kwangu, Numan, kabla sijapiga kelele wakurudie wale waliokucheka."

Akatoka. Usidhani alianguka. Watu wa namna ile hawaangushwi na kikombe. Mwezi haukwisha akaingia kamati kuu, na televisheni ikaonyesha akikumbatiwa. Kilichomshinda ni kupata mzee wa kuongoza ujumbe mwingine. Kila aliyefuatwa alikuwa na mgongo, au safari, au harusi ya mjukuu. Mansur hakuitwa wizarani, na baba yake hakusema na Inshirah tena.

Siku ya kesi Numan alikaa safu ya mbele na mawakili wawili. Inshirah alikaa nyuma kabisa, na Umm Mansur, aliyekuja bila ruhusa ya mumewe, akakaa ubavuni pake. Inshirah alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa ameupitia wote kichwani: bunduki haikuwa yake, hakumbuki, risasi ilitoka kwingine. Kwa kila uongo alikuwa na laana yake tayari.

Laith aliingizwa. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Hakimu akamwuliza kama anaelewa shtaka. Wakili akainuka haraka kusema mteja wake atanyamaza, na Numan, bila kugeuka, akamfanyia mwanawe ishara ndogo ya kidole.

Laith hakumtazama hakimu, wala wakili, wala kidole cha baba yake. Alitafuta safu za nyuma mpaka akampata Inshirah.

"Ni mimi, mama," akasema, sauti ikimkatikia njiani hata karani akauliza amesema nini.

Laana zote zilimwisha Inshirah mdomoni. Alisimama, ingawa hakuna aliyemruhusu kusimama.

"Simama wima," akamwambia mbele ya watu wote. "Sema wasikie."