Jicho la Kushoto la Emil

"Usiniambie picha iko sawa, Emil! Mtoto wa Sedlak ametapikia kofia ya mchungaji!"

"Kavimbiwa bisi huyo. Tena bisi zako."

Vlasta aliufunga mlango wa chumba cha mitambo ya sinema kwa kisigino. Mashine mbili zilikuwa zikiunguruma sambamba, moja ikirusha picha ya jicho la kushoto, nyingine ya jicho la kulia. Watu ukumbini walivaa miwani ya karatasi, na picha ilitakiwa kuchomoza iwajie usoni. Maajabu hayo ndiyo yaliyowatoa watu wa mji ule wa Nebraska mbele ya televisheni zao, Jumamosi hiyo ya mwaka 1953. Sasa walikuwa wakitoka nje wameshika vichwa.

"Uliijaribu kabla ya kufungua milango?"

"Nilivaa miwani, nikaangalia. Safi kabisa. Kazi hii nimeianza kabla hujanijua, Vlasta. Rudi kwenye bisi zako."

Vlasta akatoa miwani kwenye aproni, akachungulia ukumbini kupitia dirisha. Alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Uso wa mwigizaji ulikuwa umebonyea kama bakuli, na ukuta wa nyuma yake umesimama mbele yake.

"Umepachika filamu ya kushoto kwenye mashine ya kulia! Hebu tazama!"

Emil akavaa miwani, akatazama bila haraka. "Mbona safi?"

Mtu mwenye macho mawili asingeweza kusema hivyo. Vlasta alinyoosha mkono, akaliziba jicho la kulia la mumewe kwa kiganja.

"Sasa unaona nini?"

"Mkono wako unanuka siagi."

"Emil. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

Vlasta akaushusha mkono. Alilala ubavuni mwa mtu huyu kila siku. Asubuhi hiyohiyo Emil alikuwa amemwaga kahawa pembeni ya kikombe, na yeye Vlasta akamwita mlevi mbele ya watoto.

"Tangu lini?"

"Pasaka. Taa ya mashine ilirusha cheche. Nilidhani litapona lenyewe."

"Pasaka! Na unawaendesha watoto wangu barabara kuu!"

"Ungetaka nifanyeje? Bosi Ostrander akijua, hapa atakaa mtu mwingine. Tutakula nini, bisi?"

Chini, mtu alipiga mluzi, wengine wakaanza kugonga sakafu kwa viatu. Vlasta hakungoja. Mbele ya kila mashine palikuwa na kioo kilichopeleka picha yake kwenye jicho moja tu la mtazamaji. Akavichomoa viwili vile kwa pindo la aproni, cha huku akakiweka kule, cha kule huku. Ukumbi mzima ukapiga yowe, na mara hii lilikuwa la raha.

"Umeona?" Emil alisema. "Imekwisha. Wewe utakuwa unanitazamia tu. Nani atajua?"

Simu ya ukutani ikalia. Ilitoka ofisini, kwa Ostrander, mwenye sinema.

"Vlasta, nakuomba."

Alimtazama mumewe: jicho moja limemlenga, la pili limetulia tu, halina habari naye. Ilikuwaje asilitambue miezi yote hii? Akazichomoa funguo za gari kiunoni mwa Emil, akazitia kwenye aproni, akanyanyua simu.

"Bwana Ostrander, Emil ni kipofu wa jicho la kushoto. Taa ya mashine yako ndiyo iliyolitoboa. Filamu atapachika yeye, kutazama nitatazama mimi, na mimi pia utanilipa. Mtafute mtu mwingine wa bisi."

Akakata simu, akavuta kigoda dirishani, akavaa miwani.