Swali Nisilomwuliza Besi

"Kata kucha," Besi aliniambia. "Za mkono wa kushoto, zote. Hutaki, rudisha gitaa ulikolitoa."

Nilimkodolea macho kama mtu aliyetukanwa. Mimi ni fundi wa kucha. Wateja wakiingia saluni hawasomi bango, wananitazama vidole. Halafu huyu kinyozi wa mlango wa pili, ambaye shughuli yake ni vichwa vya watu, ananiambia nijing'oe bango kwa mkono wangu mwenyewe!

"Hakuna njia nyingine?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada. Kucha ndefu haikandamizi uzi."

Nikazikata huku nikisonya. Siku nzima wateja waliniuliza kama nina msiba.

Besi jina lake la mtaani, kwa sababu ya ile sauti yake ya pipa. Wikendi alipiga gitaa hotelini, na kwa kuwa sikumjua mpiga gitaa mwingine, nilimganda kama kupe. Mbona vidole vinauma hivi, au nina ugonjwa? "Vitaota sugu, vumilia." Mbona uzi unakoroma badala ya kulia? "Unabonyeza mbali na kile chuma cha shingoni, sogeza kidole karibu nacho." Jana niliacha sauti ziko sawa, mbona leo zimelegea? Kuna mtu ameligusa? "Nyuzi mpya hunyooka, kaza tena." Ninunue spika? Ninunue kile kiplastiki cha kukwaruzia? Mkanda je?

"Nunua subira," Besi alisema, wembe mkononi, mteja mwenye povu kidevuni akicheka. "Haraka haraka haina baraka."

"Hizo baraka kaa nazo wewe. Mimi nina haraka."

Na kweli nilikuwa nayo, ilinitoa usingizini. Mdogo wangu wa mwisho, tunamwita Kitinda, alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa, daktari ameshampangia Alhamisi ya kuingia wodini. Siku moja alikaa kwenye kiti changu nikimsugua miguu iliyovimba, akaniuliza, "Dada, hivi mama alikuwa akikubembeleza kwa wimbo gani? Nataka mwanangu alale kwa wimbo wa bibi yake."

Mama alifariki akimzaa Kitinda. Aliingia wodini anacheka, anatutania, hakutoka. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Wimbo wake haukuwa na maneno, ulikuwa wa kuguna tu, unapanda, unazunguka, unashuka, na duniani kote nilibaki nao mimi peke yangu. Ningeugunaje? Tangu nipasuliwe shingo kutolewa tezi, sauti yangu ni ya jogoo mwenye mafua. Kuongea naongea, hata kugomba nagomba vizuri sana, lakini kushika wimbo, ng'o! Nilijaribu pale pale mbele yake. Kilichotoka kilimfanya acheke mpaka akashika tumbo, nami nikacheka naye, kisha nikaingia stoo kutafuta taulo ambalo sikulihitaji.

Ndipo nikanunua gitaa. Lilikuwa la mtumba, la nyuzi za nailoni, Besi mwenyewe alinichagulia akisema nailoni haimtesi mwanafunzi. Na sikutaka Kitinda asikie hata noti moja kabla sijaweza. Ndugu zangu wananijua, nimeanza ufumaji nikaacha, nimeanza udereva nikaacha, shangazi aliyetulea husema mimi hata chai siimalizi kikombeni. Hili nisingeliacha. Kila nilipofumba macho niliiona ile Alhamisi. Na kama naye angeingia anacheka asitoke? Wazo lenyewe lilinifanya niinuke, nikae, niinuke tena, nifagie saluni iliyokwisha kufagiwa. Niliogopa, tena niliogopa vibaya.

Nikapiga uzi mmoja mmoja, asubuhi kabla ya wateja, mchana wakisubiri rangi ikauke. Jumatatu Besi alisimama mlangoni na taulo begani, akasikiliza wimbo wote, akasema, "Aisee, umeiva."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Badala ya kushukuru nikaanza kulitafutia gitaa kasoro. Sauti yake nikaiona ndogo, imefunikwa, haitoki. Ile ya Besi hotelini ilikuwa ikimetameta! Jumatano mchana nikafunga saluni, nikaenda duka la vyombo vya muziki.

"Nyuzi za chuma au nailoni?" muuzaji akaniuliza.

"Chuma," nikajibu bila hata kupumua. Chuma si ndicho kinachodumu?

Nilizivalisha mwenyewe. Ziliingia vizuri kabisa, zina vipunje mwishoni vinavyojishikilia tunduni, hata fundo sikufunga. Nikakaza. Nikakaza tena. Sauti ilitoka kali, safi, mpaka mwili ukanisisimka. Gitaa lilikuwa likitoa mlio mdogo tumboni mwake, kama mlango unaosukumwa na upepo, nami nikaona ni uchovu wa mbao kuukuu. Maswali yote yale niliyomchosha nayo Besi, la kumwuliza kama gitaa la nailoni linaweza kuhimili mvuto wa chuma halikunijia hata kidogo.

Alhamisi nilimkuta Kitinda sebuleni kwake, mkoba wake mlangoni, miguu juu ya mto. Mumewe alikuwa ameteremka kuleta gari.

"Hilo ni nini tena?" akasema. "Dada, umeacha udereva umeingia muziki?"

"Nyamaza. Sikiliza. Wimbo wa mama huu."

Macho yakamtoka.

Nikaanza. Chuma kilinikata vidole licha ya sugu zangu zote, lakini haukukoroma hata uzi mmoja. Wimbo ukapanda kama mama alivyoupandisha. Kitinda akakunja uso, akainamisha kichwa upande, nikadhani uchungu umemshika. Nikaongeza mwendo. Nilikuwa naingia kwenye ule mzunguko wa katikati, paa!

Kile kibao cha chini kinachoshikilia nyuzi kiling'oka chote na nyuzi zake, kikanipiga kidevuni, kikabaki kinaning'inia kwenye nyuzi. Kifuani mwa gitaa palibaki kovu jeupe la mbao.

Nilitaka kulipiga lile gitaa ukutani. Nje gari likapiga honi, na mimi nimekaa na boksi tupu mapajani, damu kidevuni, wimbo umekatika katikati, naye anakwenda kule alikokwenda mama. Machozi yakanitoka, ya hasira, ya woga, sijui yapi yalitangulia.

Kisha nikasikia mtu anaguna.

Alikuwa Kitinda. Alianzia pale pale gitaa lilipofia, akauzungusha wimbo taratibu, mkono juu ya tumbo, akaenda nao hadi mwisho. Mwisho ule mimi wiki zote hizo nilikuwa naupandisha. Yeye aliushusha, na alipoushusha tu nikajua yeye ndiye yuko sawa.

"Umeujua wapi?" nikamwuliza kwa sauti yangu ya jogoo.

"Swali gani hilo? Mgongoni mwako! Ulikuwa unanibeba unaosha vyombo vya shangazi, unaguna hivyo kutwa. Mpaka nimekuwa mkubwa nikiumwa najiimbia huohuo. Lakini huo si wimbo wako, dada?"

Nikatikisa kichwa. Kuwa nilimwimbia, sikukumbuka hata kidogo. Nilikumbuka mgongo kuuma na vyombo kutokwisha.

"Ni wa mama," nikasema.

Kitinda akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Honi ikalia tena, ndefu, shemeji ameshashikwa na kiwewe. Nikalaza gitaa kwenye kochi, nikatwaa mkoba, nikampa bega ainuke.

"Twende," nikamwambia. "Lakini rudia tukishuka ngazi. Pale mwishoni. Mimi nilikuwa nimeshapasahau."