Ng'ombe wa Nje ya Uzio

Kila siku saa moja asubuhi Mama Daftari, mlinzi wa mawe ya kale, alifagia njia, akabandika chai, kisha akahesabu ng'ombe waliochongwa kwenye jiwe. Kumi na mmoja. Aliandika, akatia sahihi. Wengine tisa walikuwa nje ya uzio. Siku ya kupima mpaka, bwana wa ofisi alikuja na utepe wa mita thelathini. Utepe ulipoisha, urithi wa taifa nao ukaishia hapo. Jiwe lililobaki walipewa watu wa kuvunja kokoto.

Jumatatu alihesabu kumi na wanne. Akarudia, akinyoosha kidole kwa mbali maana kugusa ni marufuku. Watatu walikuwa wamevuka, na walikotoka jiwe lilikuwa laini kabisa. Akaandika kumi na wanne. Ofisi ikapiga simu: fomu inasema kumi na mmoja, arekebishe.

Hadi Jumatano walishafika kumi na tisa. Alibaki mmoja, mwenye mimba, tumbo limechongwa kwa kina kuliko wenzake. Alikuwa anasogea, lakini shubiri kwa shubiri, na bado hatua nne afike kwenye uzio. Mama Daftari roho ilimuuma. Akaenda kwa mtoboaji wa mashimo ya baruti, ambaye ni mkwe wake.

"Mwanangu, mpe nafasi apite."

"Mama, mimi mtu wa kutumwa tu. Bosi anataka jiwe lote liwe chini Ijumaa." Mkwe akainama kumtazama ng'ombe. "Mimba ya miezi mingapi?"

"Ana miaka elfu kadhaa nayo."

"Loo, maskini. Lazima miguu imemvimba."

Akahamisha mtambo, akaanzia ncha ya mbali. Siku ile mtambo uliharibika mara mbili, na Alhamisi mara tano.

Ijumaa asubuhi ng'ombe alikuwa amelala ndani ya uzio, na ubavuni pake ndama wa mistari mitatu tu ya mchongo, bado mibichi. Mama Daftari alilia kwa furaha, wala hakujificha. Saa nne baruti ikalipuka, na jiwe tupu likawa kokoto.

Jumatatu ikaja barua: idadi halali ni kumi na mmoja, na mpaka haubadilishwi. Mama Daftari aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza. Akachukua daftari, akaandika ishirini na mmoja.

Ndama alikuwa ameshasimama.