Watoto Hawahesabiwi kwa Mdomo

Sella aliujua uongo wa laini yao, ile safu ya vyumba vya mabati, kwa mitungi. Kila asubuhi saa kumi na mbili alifungua kufuli ya kioski cha maji pale Kianda, Kibera, akakaa kwenye kigoda, mpira wa maji mkononi, na kabla jua halijashika mabati alikuwa ameshajua nani ana mgeni, nani ameachwa, nani amejifungua. Mtu anaweza kuficha mambo yake kwa mchungaji, hata kwa mumewe. Kwa anayemtekea maji hawezi.

Ndiyo sababu watu wa mipango ya jiji walipokuja mwezi wa pili kutafuta wa kuwaandikia wakazi wa laini ile, kila kidole kilimwelekea yeye. Aliishia darasa la nane, lakini mwandiko wake ulisomeka na hakuwa mtu wa haraka. Akapewa fomu na kalamu, akapita vyumba mia moja arobaini na nane. Kila mlangoni aliuliza swali lile lile, na karibu kila mlango ulimpa jibu lile lile.

"Ni mimi na mzee."

Hata Syokau fundi wa cherehani, ambaye laini nzima ilimwita Mama Collins na kumsikiliza, alisema ni yeye na mzee. Alisema hivyo huku chini ya pazia la kitanda ikionekana miguu midogo, ambayo sisi pia hatutaitaja ni mingapi. Sella aliiona. Alijua na mitungi ya Mama Collins: sita kwa siku, bila kukosa. Watu wawili hawamalizi mitungi sita, labda wawe bata.

Akaandika wawili.

Hakuwalaumu. Wengine waliogopa wakala wa landilodi, asiyetaka zaidi ya watu wanne chumbani. Wengine walitoka Kawangware kama Sella mwenyewe, na huko miaka sita iliyopita milango ilipigwa namba kwa rangi nyekundu, watu wakaambiwa ni hesabu tu, na wiki ya tatu tingatinga likaja likizifuata zile namba. Na wengine, hasa kina mama waliotoka Machakos na wale wa Magharibi, walishika neno la kwao: watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi yao, umemwonyesha njia anayekuja kupunguza.

Sasa ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita, na ramani ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Ramani moja kubwa: Kibera upande wa kulia, Kawangware kushoto kule juu. Vikaratasi vya rangi vilikuwa vimebandikwa kote. Samawati ni maji, kahawia ni vyoo, nyekundu ni zahanati, kijani ni bustani ya watu wote. Sella alianzia relini, akaifuata njia kwa kidole mpaka kwenye laini yao.

Akaikuta chini ya kijani. Laini nzima, mwanzo hadi mwisho.

"Tumepewa bustani," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Nzomo seremala, mzee wa kijiji. "Watoto watacheza vizuri sana. Shida ni watakuwa wanatoka wapi kuja kucheza."

Pembeni ya kile kijani palikuwa na maandishi madogo: wakazi 297. Sella aliyasoma mara mbili. Namba ile ilikuwa yake. Aliijumlisha mwenyewe, chumba kwa chumba, wawili wawili kama wanyama wa safina.

Wamuyu, msichana wa ofisi ya mipango, alikuwa amekaa mezani na kitabu cha malalamiko. Hakuwa mtu mbaya. Siku za kuandikisha alikuwa akinywa chai na Sella pale kioskini.

"Bustani lazima iwekwe, Sella. Watoto wanachezea relini, wewe mwenyewe unawaona. Na watu wanazidi kuongezeka. Tumeambiwa tuweke mahali pana watu wachache, ndio wa kuhamishwa wawe wachache. Kwa hii ramani wachache ni nyinyi."

"Haiwezi kuwekwa mahali hakuna mtu?"

"Mahali hakuna mtu hapa Nairobi pana mwenyewe."

Nzomo akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Hizo namba si za kweli," Sella alisema.

"Ni fomu zako."

"Najua ni zangu."

Wamuyu alimtazama, kisha akateremsha sauti. "Mwisho wa malalamiko ni Jumatatu saa nane. Niletee kitu nitaona na macho. Wakubwa wangu hawatabadilisha ramani juu ya maneno."

Siku mbili Sella alipita laini nzima akibisha. Milango ilifunguliwa kidogo, pua tu ikatoka. Sasa uoga ulikuwa wa pande mbili: waliogopa kuhamishwa, na bado waliogopa kusema. Mama mmoja alimwambia, "Siku ile tulisema wawili, leo tukisema wanane si watatuita wezi?" Na kila alipobana mtu kwa maneno, swali lilikuwa moja: Mama Collins amesema aje?

"Huyo Mama Collins ndiye kesi," Nzomo alimwambia. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu wetu ameficha na bado amezaa wa kujaza benchi."

Ijumaa jioni Sella akaenda. Cherehani ilikuwa inalia, na uteo wa maharagwe ulikuwa juu ya kitanda ukingoja kuchaguliwa.

"Sasa, Mama Collins."

"Poa. Maji imepotea?"

"Iko. Nimekuja na maneno."

"Kama ni ile ya fomu, kaa tukunywe chai na unyamaze."

Sella akakaa. Akanywa chai, akanyamaza. Mkono wake kwa mazoea ukaingia kwenye uteo, ukaanza kuchagua mawe. Kikombe kilipofika nusu akasema, bila kuinua macho, "Mimi nilijua. Mitungi sita kila siku. Nilijua na nikaandika wawili. Nilifikiri nawatunza. Sasa laini yote imewekwa kijani juu ya mkono wangu."

Mguu wa Syokau ulisimama kwenye pedali.

"Miaka kumi na mbili sasa," alisema. "Jamaa wa ofisi alisimama hapo mlango, akanyooshea watoto wangu kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Mwezi haukuisha, wa nne hakuwa. Na usiniambie ni homa. Najua ni homa. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika."

Sella aliuacha uteo. Alikuwa ameshika haragwe moja katikati ya vidole, akilizungusha.

"Na wakijiweka wenyewe?"

"Wajiweke wapi?"

"Kila mtu akuje kwa bomba, aweke haragwe moja kwa mkebe na mkono yake. Mtoto pia. Hakuna wa kunyoosha kidole, hakuna wa kutaja. Tukimaliza tunahesabu maharagwe, si watu."

Syokau aliokota haragwe moja uteoni, akalipima kiganjani, na Sella akaanza kutumaini.

"Na haragwe ya mtoto wangu ikianguka ndani," Syokau alisema, "hiyo sauti ni ya nini, kama si ya kuhesabu?"

Sella alilirudisha lile haragwe kwenye uteo.

"Maliza chai," Syokau akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Hata hivyo, Jumamosi saa moja Wamuyu alikuwa kioskini kwa mwito wa Sella, amekalia mtungi uliofunikwa kifudifudi, na chupa ya wino kama ule wa kupigia kura. Atakayeweka haragwe atapakwa kidole, asirudi mara ya pili. Mkebe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, umeoshwa ukang'aa. Walianza kuja vijana, wale wasio na watoto na wasio na hofu.

"Na matokeo inatangazwa lini?" mmoja aliuliza akipuliza kidole.

Ndululu wa boda boda aliweka lake, akazunguka nyuma ya kioski, akarudi na kofia na ule mkono mwingine.

"Wewe umeshaweka," Wamuyu alisema.

"Huyo ni pacha yangu, madam. Tunafanana sana."

"Na huyo pacha amevaa viatu vyako?"

Watu wakacheka, na kwa dakika chache Sella akapumua. Lakini ilipofika saa tatu foleni ikakatika. Kina mama walikuwa wamesimama milangoni mwao, milango nusu wazi, mikono imekunjwa. Hawakutazama kioski. Walitazama mlango wa cherehani, nao ulikuwa umefungwa.

Sella aliinamisha mkebe. Maharagwe hayakufika hata robo. Alivuta mpira akajifanya anausuuza, ili mikono yake ipate kazi. Saa nne ikafika. Mtoto mmoja alichomoka kwao akikimbilia mkebe, mkono wa mamake ukamrudisha ndani kwa kola ya shati.

Wamuyu alitazama simu yake. "Sella, nikiondoka na hii itakuwa mbaya kuliko fomu. Nitakuwa nimekuja mwenyewe, nikaona mko wachache."

"Ngoja kidogo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Kidogo tu, madam."

Hakuwa na sababu ya kumwambia angoje. Alikuwa na mazoea tu. Maisha yake yote yalikuwa ya kungoja bomba lirudi, na bomba halikuwahi kumwambia litarudi saa ngapi.

Saa tano kasorobo mlango wa cherehani ukafunguka. Syokau alitoka amejifunga leso mbili, na nyuma yake wakafuata watoto wake, mkubwa mbele, wamepakwa mafuta mpaka magoti. Alifika bombani, akafungua fundo kwenye pembe ya leso. Ndani mlikuwa na maharagwe yake mwenyewe, ya nyumbani kwake.

"Watoto wangu hawatawekwa na maharagwe ya mtu," alisema.

Akampa kila mmoja lake. Kisha akawapa mgongo, akageukia upande wa reli, akajifunika leso kichwani mpaka machoni. Hakutaka kuona wala kuihesabu ile sauti. Sella, asiyezoea kuyaondoa macho yake penye watu, akayashusha kwenye mdomo wa bomba. Hata Wamuyu aliiweka kalamu chini. Kwenye laini yote ikabaki sauti ya haragwe likigonga mengine, na kimya, na jingine.

"Wamemaliza?" Syokau aliuliza bila kugeuka.

"Wamemaliza."

Akageuka, akaweka lake, akanyoosha kidole kipakwe wino. Wamuyu akakishika kwa mkono wa pili, akakipaka taratibu.

Baada ya hapo Sella hakupata nafasi ya kukaa. Walikuja kama wanavyokuja maji yakipotea siku tatu kisha yarudi. Wenye wachanga waliwakunjia ngumi juu ya haragwe na kuifungua juu ya mkebe. Kila mama alipofika aliwapa wanawe mgongo, akatazama reli, kama aliyefundishwa tangu utoto. Mkebe ukajaa, wakaleta karai.

Jumapili baada ya ibada Nzomo na wazee wawili waliyahesabu maharagwe juu ya meza ya ukumbi, mbele ya Wamuyu. Mia sita arobaini na moja.

Jumatatu saa nane ukumbi ulifurika. Wamuyu alisoma hesabu, akasema ofisi imekubali, akakibandua kile kikaratasi cha kijani kilichoilalia laini yao. Mahali pake akabandika samawati, kahawia mbili na nyekundu moja. Vigelegele vikapigwa. Ndululu alisema pacha wake angekuwepo angelia. Nzomo alimpiga Sella begani, akamwambia, "Leo umekuwa fundi bomba, umetuzibia palipovuja."

Sella hakumsikia. Alikuwa anautazama mkono wa Wamuyu. Kile kijani hakikurudi kwenye boksi la vikaratasi. Kilikuwa bado kimeshikwa kwa vidole viwili, na vidole vilikuwa vinapanda juu ya ramani kwenda kushoto, polepole, vikivuka Ngong Road. Vilitua Kawangware, upande wa Gatina, nyuma ya tangi la maji. Wamuyu akakibonyeza kwa kiganja kishike. Pembeni palikuwa pameandikwa: wakazi 188.

Nyuma ya lile tangi aliishi Lavender, dada yake.

Alipenya katikati ya watu wanaokumbatiana. "Madam. Hawa wa Gatina, nani aliwaandika?"

"Kijana wa huko." Wamuyu hakumtazama usoni. "Aliandika walichomwambia. Sella, lazima ikae mahali. Wale mwisho wao ni Alhamisi, tumewapa siku zaidi."

Sella alitoka nje, akapiga simu.

"Lavender, mwezi wa pili ulipoulizwa kwenu mko wangapi, ulisema aje?"

"Nani aliniuliza?" Nyuma ya sauti ya dada yake watoto walikuwa wanagombania kitu, na walikuwa si wachache. "Aa, ile ya fomu. Si nilimwambia tu ni mimi na mzee. Kwani?"

Sella alikata simu. Alirudi ndani, akauchukua mkebe na kuanza kuyazoa maharagwe kutoka kwenye karai. Ndipo Syokau alipomfikia, akamtazama, kisha akaitazama ramani. Yeye pia alikuwa na macho.

"Ni wako huko?"

"Ni dadangu. Na watoto."

Syokau hakuuliza wangapi. Alisaidia kuzoa, akafunga mkebe, akaubana mfuniko kwa kiganja. "Na yangu imo humo. Nenda nayo, usirudishe."

Nzomo alipewa ufunguo wa kioski. Sella akashika njia ya Kawangware kwa miguu, mkebe kwapani, maharagwe yakilia kila hatua. Alijua atakachowaambia kuhusu bomba na wino, na kuhusu kuwapa watoto mgongo. Alichokosa ni jibu moja. Mtu wa Gatina angesimama tu, lazima angesimama mmoja, amuulize: hiyo kijani, kabla ya kuletwa kwetu, ilikuwa imekalia nani?